Maswali mnayotuuliza kila siku kuhusu darasa la kuimba la wanawake waliopitia kipigo nyumbani

Karibuni. Nimeandika hii mana meseji zimekuwa nyingi na maswali ni yaleyale, wengine wananipigia saa tano usiku wamejifungia chooni wananong'ona, nikaona bora majibu yakae sehemu moja mtu asome akipata nafasi. Nipo Dar, kila Jumamosi naimbisha wanawake ambao wamepigwa, wametukanwa, wamenyimwa hela ya kula au wamefungiwa ndani na watu wanaowaita waume. Wengine wameshatoka, wengine bado wamo. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa kwaya kanisani miaka kumi na kitu, sio daktari wala mwanasheria, hilo tuelewane mapema. Na kama simu unayosomea inashikwa na mtu mwingine, ukimaliza futa historia kabla hujaendelea na mambo yako.

Kuimba kunamsaidiaje mtu anaepigwa? Si ni kujifurahisha tu?

Hata ingekuwa kujifurahisha tu, kwani kuna ubaya gani? Lakini hapana, sio hilo tu.

Nyumba yenye mpigaji ina sheria za sauti. Unajua namna ya kufunga mlango usilie, unajua kuweka sufuria chini taratibu, kucheka kwa kuziba mdomo, kuongea na simu uani, kukohoa ndani ya mto. Mtu akiishi hivyo miaka nane, kumi, anatoka mule (akijaaliwa kutoka) anaanza maisha mengine kabisa lakini sauti imebaki kulekule. Tulikuwa na mama mmoja anauza maandazi, ananiambia wateja wanampita kwa sababu hawezi kuita. Mdomo anafungua, kinatoka kitu kama pumzi. Wiki ya kwanza hakuimba, ya pili hakuimba, ya tano akaitikia kibwagizo mpaka jirani yake akageuka kumwangalia, na yeye mwenyewe akashtuka kama aliekosea. Hiyo ndo kazi yetu, kumrudisha mtu mahali ambapo akitoa sauti hakuna kinachomtokea.

Kwenye mwili napo kuna mambo yake. Ukiimba unavuta pumzi fupi unaitoa ndefu, na pumzi ndefu ya kutoka ndo inaushusha moyo mapigo. Mtu aliezoea kuishi na hofu anahema juujuu, kifuani, mabega yamepanda, hata akikaa hajakaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg kule Sweden walichapisha mwaka 2013 kwamba watu wakiimba pamoja mapigo ya moyo yao yanapanda na kushuka pamoja, mana wanapumua kwa kufuata wimbo mmoja. Waimba kwaya walikuwa wanaijua hii bila mashine ila sawa, imepimwa. Oxford nao, 2015, walifuatilia watu wa madarasa ya jioni kwa miezi saba, kuna waliosoma kuimba, kuna wa kazi za mikono na wa uandishi. Wa kuimba walizoeana haraka zaidi. Mwisho wa miezi saba wote walikuwa wamefikia sehemu moja, lakini wale wa kuimba waliwahi, na mimi hapo ndo nasimamia, mana mtu aliekatwa na ndugu na mashoga zake kwa miaka hana miezi saba ya kungoja azoeane na watu.

Kwa hiyo hii ni tiba?

Sio tiba. Tiba kwa kutumia muziki ipo, ina watu waliosomea, na mfano ulio karibu nasi ni hospitali ya Panzi, Bukavu, Kongo, ile ya Dk. Denis Mukwege aliepewa Nobel ya Amani 2018. Pale kuna mpango ambapo wanawake waliofanyiwa ukatili wanakaa na mtaalamu wa saikolojia na prodyuza kwenye studio, wanatunga nyimbo zao wenyewe na kurekodi. Angalia, mtaalamu yumo chumbani. Sisi hatuna studio na mtaalamu wetu ni afisa ustawi wa jamii anaekuja akipata muda, kwa hiyo nikikwambia tunatibu nitakuwa nakudanganya. Mtu akiwa hali wiki nzima, halali, anaongea habari ya kujidhuru, huyo hatumwambii njoo uimbe, tunaenda nae hospitali siku hiyohiyo.

Siku yenyewe inakuwaje?

Tunaanza saa nne kasoro, ila kwa kweli tunaanza saa nne na robo. Chai kwanza. Viti tunavipanga duara na mlango upo wazi nusu, na mtu yeyote ambae hataki kupa mgongo mlango hapewi kiti kinachoupa mgongo, hii usiidharau hata kidogo. Hatuitani majina kamili, unajiita unavyotaka, tunae mmoja anaitwa Kisamvu mwaka wa pili huu.

Alafu tunavumisha. Mmm tu, mdomo umefungwa, kama unavyombembeleza mtoto, mkono kifuani ukitaka usikie unavyotetemeka. Kuvumisha ni kwa sababu hakuna anaeweza kukosea na hakuna anaejua ni nani kati yetu ananyamaza. Halafu a, e, i, o, u kwa kushuka na kupanda. Baada ya hapo mmoja anaongoza wengine tunaitikia, na hapa ndo penyewe, mana anaeongoza anatupa mstari na watu kumi na tano wanamrudishia, mtu ambae nyumbani akisema neno anajibiwa kwa kofi. Kila mtu anapewa nafasi ya kuongoza na kila mtu ana ruhusa ya kusema pita. Ukisema pita hakuna "jamani jaribu kidogo". Ni pita.

Vitu ambavyo niliviacha kutoka ualimu wangu wa kwaya: kupiga meza kwa fimbo kuhesabu mapigo (nilifanya siku ya kwanza, watu watatu waliruka, sikurudia), kumshika mtu tumbo kumwonyesha pumzi inakokwenda, kusimama nyuma ya mtu kusikiliza sauti yake, kusema "fungeni macho", na kukaripia. Kwenye kwaya mwalimu asiekaripia anaonekana hajui kazi. Huku ukipandisha sauti mara moja tu umewapoteza, wanakuwa watiifu kweli, wanaimba vizuri hata, lakini wameshaondoka mule ndani.

Mnaimba nyimbo gani?

Hili swali ni gumu kuliko mnavyodhani. Mwanzoni nikaona tuimbe zinazojulikana na wote, za harusini, za kicheni pati, mana nani asiezijua. Katikati ya wimbo dada mmoja akainuka akaenda nje, nikamfuata, akaniambia huo ndo walimwimbia siku anapelekwa. Tukakaa tukazichambua moja moja, na hebu na wewe zichambue siku moja. Nusu yake zinamwambia bibi harusi avumilie, afunge mdomo, ya chumbani yaishie chumbani, mume hata akikosea ni mume. Sisi wanawake ndo tunaziimba, kwa vigelegele, tena kwa upendo. Kungwi wa watu hakuwa na nia mbaya, lakini wimbo unakaa kichwani kuliko ushauri, ukija kupigwa mwaka wa tatu ndo unausikia.

Sasa hivi tunafanya hivi: tunachukua mtindo wa wimbo wa harusi, ile ngoma na kuitikia kwake, maneno tunaweka yetu. Sio lazima yawe ya kipigo, kwa kweli mengi sio. Wimbo unaopendwa kuliko wote kwetu unaongelea mtu aliepika wali nazi akala mwenyewe, akala na ukoko, hakuna aliemuuliza chumvi imekuwaje. Basi. Una beti sita na zote ni chakula, na hakuna siku umeimbwa watu wasicheke mpaka machozi.

Kaswida zipo, za kanisani zipo, za kubembelezea watoto tunazo za makabila kama tisa hivi. Singeli tumejaribu, pumzi zimetuishia.

Si ni kuanika mambo ya ndani? Wazee wanasema siri ya nyumba haitolewi nje

Wazee haohao ndo waliotufundisha kusemana kwa nyimbo. Wanawake wa pwani wanasemana kwa taarabu na kwa kanga toka zamani, asieweza kusema usoni anaimba au anajifunga. Siti binti Saad wa Unguja, yule aliekwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba hadi kisa cha kweli cha mwanamke alieuawa na muuaji akatoroka. Watu waliimba nae, hakuna aliesema kaanika.

Halafu darasani hatulazimishani kusimulia. Kuna watu nimeimba nao mwaka mzima sijui walifanywa nini na siulizi.

Mimi Muislamu, na kwetu muziki una maneno

Njoo na msimamo wako. Darasa ni wanawake watupu, hakuna mwanamume anaesikiliza, na kuna kipindi chote cha kwanza hatutumii chombo chochote, ni koo na makofi. Wenye kutaka kuimba kaswida na dufu tu wanafanya hivyo, na nyimbo za dini ya mwenzako unaruhusiwa kukaa kimya bila kutoa maelezo. Kwenye mfungo wa Ramadhani tunasogeza muda na chai haiwekwi mezani.

Sina sauti nzuri

Hakuna anaekuuliza.

Sauti yangu ilikwisha baada ya kukabwa, itarudi nikiimba?

Simama hapo, hili nijibu taratibu. Kama umekabwa koo siku za karibuni na sauti imekauka, unameza kwa shida, unahema kwa shida, kichwa kinauma au ulipoteza fahamu hata kidogo, nenda hospitali leo, na uwaambie kabisa kwamba ulikabwa, usiseme mafua. Hata kama shingoni hakuna alama. Ndani panaweza kuwa pameumia na hapaonekani, mtu anaweza kuwa anaongea vizuri tu halafu hali ikabadilika baadae. Na kukabwa ni dalili mbaya kuliko kofi, mwanamume alieanza kukaba anaweza kufika mbali sana, hilo waulize polisi wa dawati la jinsia watakwambia.

Kama ni zamani na daktari ameshakuona, njoo, tutaanza na kuvumisha kwa chini, na siku koo likikaza tunaacha. Wengine hawapendi kabisa kushikwa shingo hata na skafu, hiyo tunaijua.

Nikianza kulia?

Utalia, na wimbo hausimami. Hiyo tulikubaliana wenyewe, mana ukilia watu wote wakinyamaza wakakugeukia unajiona kama umeharibu shughuli. Tunaendelea kuimba kwa chini, mmoja anakusogezea maji, basi. Ukitaka kutoka nje kuna mtu wa zamu anakaa na wewe nje, haongei mpaka uongee.

Kingine, kuna wanaopata shida kwa kupumua kwa kina, kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, wanaona kama wanakufa. Ikikutokea fungua macho, kanyaga chini kwa nguvu, taja vitu vitano unavyoviona, pumua kawaida. Hukosei chochote.

Mume hajui. Nimwambie naenda wapi?

Unamjua wewe, mimi simjui. Kuna ambao wanasema wanaenda mazoezi ya kwaya na sio uongo. Kuna ambao hawaji kabisa wiki ambazo nyumbani kumechafuka, na hatupigi simu kuuliza mbona hujaja. Hatutumi meseji, hatuna grupu la WhatsApp, namba yangu wengi wameiandika fundi cherehani na ukinipigia napokea kama fundi cherehani. Ukiniuliza gauni langu limeisha nitajua kuna mtu amesimama pembeni yako.

Ukiona kuja kwako kutakuletea kipigo usije. Wimbo utakuwepo.

Mbona hamsemi mnapatikana wapi?

Kwa sababu na yeye anasoma hii.

Anaetaka kuja anapitia dawati la jinsia, kwa afisa ustawi, au analetwa na mwanamke ambae tunamjua. Inachelewesha, najua, na kuna watu tumewakosa hivyo. Lakini mwaka wa kwanza tulibandika kikaratasi, mwanamume mmoja akaja getini anamtafuta mke wake, tukamwimbia mle ndani na mlango umefungwa kwa ufunguo mpaka alipoondoka. Tulihama wiki hiyohiyo.

Mtanishauri niachike?

Hapana. Wala hatutakushauri uvumilie. Kuondoka kunapangwa, sio kunakurupukiwa, mana kipindi mwanamke anapoondoka na muda mfupi baada ya kuondoka ndo hatari inapanda, na mtu asiejua hilo ndo anakwambia "si uondoke tu". Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kitambulisho, hela kidogo kwa mtu unaemwamini, hivyo vinatoka nyumbani kidogo kidogo kabla yako.

Lakini hili nawaambia wote siku ya kwanza, na wengi hawaamini: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vingine. 1971! Sheria ina umri mkubwa kuliko wanawake karibu wote wa darasani kwetu. Tumekitungia wimbo hiko kifungu, kibwagizo chake ni "sitini na sita" na makofi mawili, na kuna mtu aliniambia alikuwa anakisema moyoni huku anajaza fomu kituoni.

Nikitaka kushtaki?

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, uliza kituo kikubwa cha karibu. Umeumia, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mana daktari akijaza inakuwa ushahidi, ila kama unatoka damu au umevunjika hospitali kwanza, fomu itakufuata. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wanakukuta sehemu moja usizungushwe, hospitali ya Amana hapa Dar wanacho. Wanasheria wa bure wapo, TAWLA kwa mfano, chama cha wanasheria wanawake. Kwa habari ya talaka utaanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Mtoto akiwa hatarini piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Na usiende peke yako ukiweza. Kuna mwenzetu alifika kituo fulani akaambiwa arudi nyumbani wakayamalize kifamilia, akarudi mara ya pili na wenzie wanne, wakamsikiliza.

Nije na mtoto?

Njoo nae. Wadogo wanakaa chumba cha pili na dada mmoja, wanaimba nao wa kwao. Wa kiume wakishavuka miaka kumi hivi inakuwa ngumu kidogo, sio kwao, ni kwa mama wengine, tunaongea kwanza.

Wanaume wanaopigwa je?

Wapo, na wanachekwa, ndo mana hawasemi. Darasa letu sio lao lakini dawati la polisi ni la wote, na kifungu cha 66 hakijasema mke tu, kimesema mwenzi. Mwanamume anaetaka kuanzisha la wanaume anitafute nimpe ninachojua.

Mnarekodi? Mnaweza kuja kuimba kwenye shughuli yetu ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia?

Kila Novemba ikikaribia simu hii inaita, 25 Novemba mpaka 10 Desemba watu wote wanatupenda. Mara moja tulikubali. Shirika lililotualika (silitaji) lilituahidi hakuna picha, tukafika tukakuta kamera tatu na mshehereshaji anatutangaza "wahanga wetu", na wanawake wawili sura zao zilizunguka mitandaoni siku tatu. Mmoja hakurudi tena darasani na mimi sijajisamehe.

Kwa hiyo hapana, haturekodi, haturekodiwi, simu zinakaa kwenye kapu mlangoni hata yangu. Ukitaka nyimbo zetu kwenye shughuli yako, tunaweza kukupa maneno na kuifundisha kwaya yako iimbe. Wengi wakisikia hivyo hawarudi kupiga.

Nataka kuanzisha kwetu, nianzie wapi?

Usianze na nyimbo. Anza na ustawi wa jamii na dawati la polisi wakujue, upate na mtu mmoja wa kuongea na watu akili zikichafuka, mana siku ya kwanza tu mtu atakwambia jambo ambalo huwezi kulibeba na do re mi. Tafuta chumba chenye milango miwili. Karibu na msikiti, kanisa au saluni ni pazuri, mwanamke akionekana anaingia hapo hakuna anaeuliza. Watu kumi na tano wasizidi. Kuwa na siku moja na saa moja zisizobadilika, wanawake hawa wameishi na mtu asietabirika, kwa hiyo ukiwaambia Jumamosi saa nne iwe Jumamosi saa nne (hapa najisema mwenyewe).

Usitangaze wangapi "wamepona". Na wewe unaeimbisha uwe na mtu wako wa kumwambia, mimi mwaka wa pili nilianza kuota ndoto za nyumba za watu.

Ni bei gani, na nije na nini?

Bure. Nauli ikikushinda sema, kuna mfuko mdogo wa maandazi yaleyale niliyowaambia, yule mama anaeyauza siku hizi anaita mpaka stendi ya bodaboda wanamsikia. Njoo na chupa ya maji na kanga, asubuhi pana ubaridi na feni moja haizimiki.